Historia Iko Chini ya Kiti

Ukitaka historia ya Peugeot nchini Kenya hutahangaika kuitafuta, ila utaona kwamba karibu yote iko nje ya gari. Iko kwenye picha za Safari Rally: boneti limejaa matope, taa zimevunjika, watoto wamepanda miti ili waone vizuri. Mwaka 1963 Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda mashindano hayo wakiwa na 404. Bert Shankland akashinda 1966 na tena 1967, kwa 404 vilevile, halafu Nowicki akarudi kuchukua ushindi 1968. Ilipofika zamu ya 504, Ove Andersson alishinda 1975 na Jean-Pierre Nicolas 1978. Kuna wazee hapa Nakuru watakutajia miaka hiyo bila kukosea hata mmoja. Lakini waulize wao wenyewe walisafiri vipi kwenda Nairobi mwaka huo wa 1978. Watakujibu, "Si Peugeot tu," na mazungumzo yaishie hapo, kana kwamba hakuna cha kusimulia.

Mimi naona hapo ndipo pa kuanzia. Wakenya wengi walioijua 504 hawakuwahi kushika usukani wake. Waliijua kwa magoti yaliyogusa kiti cha mbele, kwa mgongo ulionata kwenye kiti siku ya jua, kwa kuku aliyefungwa miguu chini ya kiti cha mtu mwingine. Historia hiyo haikupigwa picha. Kama ilihifadhiwa mahali, basi ni ndani, kwenye viti.

Kwetu nyumbani kuna 504 moja, ile ndefu yenye safu tatu za viti. Ni ya mwaka 1978. Guka, baba yake mama, aliinunua mkononi mwa mtu 1983 na kuiweka barabarani kati ya Nakuru na Nairobi. Ilisimama 2006 na haijatoka kwenye banda tangu hapo. Guka hayupo tena. Mwaka jana Anko alipata mnunuzi wa Nairobi anayetaka kuipeleka kwenye Concours d'Elegance, yale maonyesho ya magari ya zamani yaliyoanza 1970, ambayo hufanyika Ngong Racecourse. Mnunuzi alitoa bei mbili. Ya chini ni ya gari lilivyo. Ya juu ni kama ndani kutarudishwa "kama kiwandani". Tofauti ya bei hizo inatosha karo ya mwaka mzima ya binamu yangu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhindikana, kwa hiyo hesabu hiyo hakuna haja ya kunieleza mara mbili. Na kwa kuwa mimi ndiye niko nyumbani, naandika usiku na mchana niko huru, kazi ya kurudisha ndani ikawa yangu.

Kwanza ilibidi nijue gari lenyewe ni nini. 504 ilizinduliwa Ufaransa 1968, na mwaka uliofuata ikatajwa Gari la Mwaka la Ulaya. Umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia. Ile ndefu haikuwa 504 ya kawaida iliyoongezwa mkia tu. Nafasi kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ilirefushwa hadi mita 2.90, na nyuma iliwekewa ekseli nzito yenye springi nne, mbili kila upande, ili ibebe mizigo. Wafaransa waliita ile yenye safu tatu Familiale. Ilikuwa gari la mzee mwenye watoto wengi kwenda likizo.

Hapa kwetu familia hiyo ilikuwa ya watu wasiojuana. Mwaka 1973 Rais Kenyatta aliruhusu matatu zifanye kazi bila leseni ya kubeba abiria, na biashara ambayo tayari ilikuwepo kwa kujificha ikatoka hadharani. Jina lenyewe linatokana na nauli ya zamani, senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi, "mang'otore matatu" kwa Kikuyu. Leseni zilirudishwa kwa sheria ya 1984. Katikati ya hapo, kwa safari za mbali, Peugeot ndiyo iliyokuwa mfalme. Basi lilikuwa nafuu lakini lilisimama kila kituo. Peugeot ilijaa, ikaondoka, ikafika. Kwa mwenye gari, kila kiti kilikuwa na bei yake, na nafasi yoyote iliyobaki kati ya viti ilikuwa pesa iliyolala.

Sasa twende ndani. Kung'oa viti si kazi ngumu, ni kazi ya subira. Bolti zilizoshika reli za viti vya mbele zilikuwa na kutu ya miaka, zikalala na mafuta siku mbili ndipo zikakubali. Kila kilichotoka nilikipiga picha kikiwa bado mahali pake, nikakiandikia namba kwa chaki. Kisha nikamleta fundi wa viti, mzee anayeshona karibu na stendi. Nilitarajia angechana vitambaa vya zamani na kutupa. Alinizuia hata mkasi nisiushike.

"Kijana, usikate," alisema. "Fumua. Hicho cha zamani ndicho kipimo chako."

Ndivyo kazi hii inavyofanywa. Kava ya zamani hufumuliwa mshono kwa mshono, vipande vyake hulazwa juu ya reksini mpya, na kila kipande huchorwa kwa chaki kabla ya kukatwa. Ukikata ya zamani umejinyima ramani. Tukafumua kiti cha katikati kwa siku moja na nusu, na tulivyozidi kufumua ndivyo nilivyozidi kukumbuka darasa nililoliacha. Mtu anayechimba magofu hushuka tabaka kwa tabaka, la juu likiwa la karibuni na la chini la zamani. Kiti cha matatu ni hivyo hivyo.

Juu kabisa kulikuwa na kitambaa cha maua, cha siku za mwisho. Chini yake reksini nyekundu, imeshonwa kwa uzi mnene mweupe. Mzee aliugeuza mshono ule, akautazama kwa muda, akasema, "Huyu alikuwa mashoto." Alinionyesha jinsi mafundo yote yalivyolala upande ambao mkono wake yeye haungeyalaza. Chini ya nyekundu, reksini ya kahawia, ile iliyokuja na gari. Fundi wa zamani hakuiondoa, alishona juu yake. Chini ya kahawia, sponji ya kiwandani ilikuwa imegeuka unga wa manjano, na palipozama sana palijazwa vipande vya godoro. Halafu, kati ya sponji na springi, gunia la mahindi lililokunjwa mara mbili ili waya zisimchome abiria. Gunia lina herufi za Bodi ya Nafaka na Mazao. Bodi hiyo iliundwa 1979, na gari ni la 1978, kwa hiyo gunia haliwezi kuwa la kiwandani. Mtu alikifungua kiti hiki baada ya gari kuanza kazi, akatia alichokuwa nacho.

Kwenye mikunjo tulipata maganda ya karanga, kibanio cha nywele, na sarafu mbili za senti kumi. Moja ina uso wa Kenyatta, nyingine wa Moi.

Mikanda nayo ina tarehe. Safu za nyuma zina mikanda myeusi ambayo haifanani na ya mbele, na matundu ya bolti zake yametobolewa sakafuni kwa mkono, moja limekwenda upande. Hiyo ni alama ya Februari 2004, masharti ya Waziri John Michuki yalipoanza kutekelezwa: mikanda kwa kila abiria, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni. Wenye matatu walipanga foleni kwa mafundi wiki nzima. Ndiyo sheria ya kwanza niliyowahi kuishika kwa kidole, kwa sababu ukiingiza kidole kwenye tundu lile unasikia ukali wa bati. Guka alifunga mikanda, akalipa, na miaka miwili baadaye akaegesha. Nissan za watu 14 zilikuwa zimeshachukua barabara.

Kilichobaki kilikuwa kigoda. Kati ya kiti cha dereva na cha abiria wa mbele kuna kisanduku cha mbao chenye sponji juu, kimefungwa kwa reksini ile ile nyekundu. Gia ya gari letu iko kwenye usukani, haitoki sakafuni, kwa hiyo pale katikati pana nafasi. Mchoraji wa Italia hakuiona. Mashoto aliiona, au Guka ndiye aliyeiona akamwambia Mashoto.

Mnunuzi alikuwa amesema wazi kigoda kiondoke, pamoja na mikanda ya nyuma na kila kitu chekundu. Anko alikubaliana naye. Nami nikaanza kujiuliza maana ya hayo maneno, "kama kiwandani". Kiwanda kipi? Katikati ya miaka ya 1970 Kenya ilijenga viwanda vya kuunganisha magari Thika, Nairobi na Mombasa. 504 zilifika Mombasa zikiwa vipande ndani ya makasha, zikaunganishwa pale na Wakenya, na kazi hiyo iliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, miaka mingi baada ya Ufaransa kuacha kuzitengeneza. Serikali ilisukuma viwanda hivyo vitumie vitu vya hapa, kama betri, springi na vitambaa vya viti, badala ya kuleta kila kitu kwa meli. Mkono wa Mkenya uliingia ndani ya magari haya kabla hata hayajauzwa. Huwezi kuchora mstari na kusema hapa kiwanda kimeisha na jua kali imeanza, ule wa kwanza ni historia na huu wa pili ni uchafu wa kusafishwa.

Tuliongea jioni moja, mimi, Mama na Anko, viti vikiwa vimepangwa uani kama watu waliokuja kikao.

"Historia hailipi karo," Anko alisema. Hakuwa anatania, na hakuwa amekosea.

Mama alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua kichwa. "Yako ililipwa na hiyo Peugeot," alisema. "Na mimi nikienda shule nilikalia hicho kigoda, kutoka hapa mpaka Nairobi, kwa sababu viti vilikuwa vya wenye kulipa. Shangazi yako mdogo nilimpakata."

Sikuwahi kusikia hilo. Miaka yote nilidhani binti wa mwenye gari alikaa mbele dirishani. Kumbe mahesabu ya Guka yalianza na watoto wake: kila kiti alichomnyima Mama kiliingiza pesa ambayo ilirudi kwake kama karo. Hakuna kitabu cha matatu nilichosoma chenye habari hiyo. Ilikuwa imekaa kwenye kisanduku cha mbao ambacho tulikuwa karibu kukitia jikoni kama kuni.

Mwisho tulikubaliana hivi. Safu ya mbele na ya katikati tulizishona upya kwa reksini ya kahawia, kwa kufuata vipande vya ile ya 1978. Reksini mpya tuliianika juani kwanza mpaka ikalainika, ndipo tukaivuta juu ya kiti na kuibana kwa pete za waya kabla haijapoa. Ukiivuta ikiwa baridi hubaki na mikunjo ambayo haitoki. Sponji ni mpya. Gunia nililifua, nikalikausha, nikalirudisha mahali pake juu ya springi, kwa sababu bado linafanya kazi yake. Safu ya tatu tumeiacha nyekundu, na mikanda yake ya 2004. Kigoda kimerudi katikati. Mzee alikishona palipochanika, kwa uzi mweupe, mafundo yakiangalia upande wa pili.

Mnunuzi alikuja wiki iliyopita. Alizunguka gari, akasugua dashibodi iliyopasuka kwa jua, akauliza kuhusu dari ambayo bado hatujaigusa. Kisha akakalia kigoda, magoti yamekutana na kidevu, akakaa pale kimya kidogo. Ametoa bei ya tatu, iko katikati ya zile mbili. Haitoshi karo ya mwaka, inatosha mihula miwili. Anko anaomba aongeze kidogo.

Akilichukua, kwenye kisanduku cha dashibodi atakuta bahasha yenye sarafu mbili na karatasi niliyoiandika kwa mkono: tabaka zote za kile kiti cha katikati, kutoka kitambaa cha maua hadi gunia, na miaka yake pale nilipoweza kuithibitisha. Mstari wa mwisho ni wa kigoda. Nimeandika jina la Mama, na safari aliyosafiri.