Bei ya unga: historia ya kulia tukiwa tumechelewa

Wasee, kuna jina moja la njaa ambalo kila mtu wa kununua vitu kwa duka anafaa kulijua: Nikw'a Ngwete. Ni Kikamba, yaani "nitakufa nikiwa nimeshika". Umeshika nini? Pesa. Ukambani waliipa njaa ya miaka ya 1980 jina hilo juu mtu alikuwa na hela mkononi lakini chakula cha kununua hakuna. Miaka hiyo ndiyo Wakenya walikula mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, na ukiwauliza wazazi wetu leo, bado wanakunja uso.

Naanzia hapo kwa sababu mnunuzi wa Kenya amekuwa akifanya vitu vitatu bei ikipanda, na karibu kila mara kwa mpangilio huo huo: anapunguza, anahama, halafu ndio anapiga kelele.

Kupunguza unakujua. Mafuta ya kupima ya 20 bob, sukari ya kufungiwa kwa karatasi, nusu kabeji kwa mama mboga. Tunaiita kadogo na tunaisifu ati ni ujanja. Lakini piga hesabu: anayenunua kidogo kidogo mara nyingi analipa zaidi kwa kila kilo kuliko aliyebeba pakiti kubwa supamaketi. Kadogo inakuokoa leo, halafu inakukamua mwezi mzima.

Kuhama ni kuachana na unga wa pakiti, unanunua gorogoro ya mahindi na kupeleka posho mill. Inasaidia, mpaka mahindi yenyewe yapande.

Sasa kelele. Mwaka wa 2011 wanaharakati waliingia barabara za Nairobi na kampeni ya Unga Revolution. Katiba ya 2010 ilikuwa mpya, na Kifungu cha 43 kinasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa. 2017 pakiti ya kilo mbili ilipita 150, serikali ikaleta ya 90, watu wakapanga laini supamaketi. 2022 ikapita soo mbili, ikashushwa hadi 100.

Angalia kalenda lakini. Unga wa 90 ulikuja Mei 2017, kura ilikuwa Agosti. Unga wa 100 ulikuja Julai 2022, kura ilikuwa Agosti. Septemba hiyo hiyo, Rais William Ruto akiapishwa, alisema ruzuku za aina hiyo ni ghali na haziwezi kudumu. Kufikia Machi 2023, waandamanaji walikuwa wamevaa sufuria kichwani.

Mara hizo zote tulilia bei ikiwa imeshapanda. Tukapewa dawa ya maumivu, na ikaisha.

2024 ilikuwa tofauti, na hapa ndipo naona hatujajipa heshima ya kutosha. Mswada wa Fedha ulitaka kuweka VAT ya asilimia 16 kwa mkate. Bei dukani ilikuwa bado haijaguswa. Lakini vijana waliushusha mswada kwa simu, wakausoma, wakauelezea TikTok kwa lugha ambayo hata shosho anaelewa. Tarehe 18 Juni, siku ambayo maandamano yaliingia mjini Nairobi, wabunge wakatangaza kwamba ushuru wa mkate umetolewa. Tarehe 25 vijana wakaingia Bunge, na wengine wetu walipigwa risasi, hawakurudi nyumbani. Kesho yake Rais akasema hatatia sahihi.

Sitaki kuipamba hii story. Kuna nyumba zilizolipia huo mswada kwa damu, na chakula bado ni ghali. Lakini kwa mara moja, mnunuzi alifika kabla ya bei. Hakungoja kuona risiti ndio ashtuke.

Kila mwaka Mswada wa Fedha unafaa kufika Bunge kufikia mwisho wa Aprili. Baada ya hapo wananchi wanaitwa kutoa maoni. Huo ndio wakati wa kelele, si Julai ukiwa kwa duka umeshika soo moja na unahesabu ni nini utarudisha kwa rafu. Ama tutarudi kwa Nikw'a Ngwete ya siku hizi: chakula kimejaa, na pesa uliyoshika haikitoshi.

Kwenu bei ikipanda, mnaacha kununua nini kwanza? Niandikie hapo chini, na usidanganye ati ni soda.