Historia ya Muhogo wa Tui na Sukari



Muhogo wa tui na sukari ni chakula kinachopikwa sana kwetu pwani, hasa wakati wa futari. Wengi wetu hudhani kuwa kimekuwepo tangu zama za mababu wa mababu zetu. Tukiangalia historia tutaona kuwa nusu moja ya chakula hiki ni ya kale sana na nusu nyingine ni mgeni.

Nazi ndiyo mwenyeji. Al-Mas'udi, aliyesafiri mpaka nchi ya Zanj mwaka 916, aliandika kuwa watu wa visiwa vya huku wanakula nazi. Baada yake alikuja Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 alipita Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Yeye alieleza vyakula alivyokirimiwa Mogadishu: wali wenye samli, kitoweo cha kuku, nyama na samaki, na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Muhogo haumo, wala usingeweza kuwemo, kwani wakati huo ulikuwa ukilimwa Amerika tu.

Wareno walifika Brazil mwaka 1500, wakawakuta wenyeji wa huko wakiishi kwa muhogo. Katika karne hiyo hiyo ya 16 waliuleta pwani ya magharibi ya Afrika, upande wa Kongo, na ukawa chakula cha safari katika meli zilizobeba watumwa. Huku kwetu ulikawia. Ulienea sana katika karne ya 18 na ya 19.

Unguja na Pemba zilipojaa mashamba ya mikarafuu katika karne ya 19, watumwa walipewa vipande vya ardhi wajilimie chakula chao, na walilima muhogo zaidi. Hauhitaji rutuba nyingi, unavumilia ukame, na unaweza kukaa ardhini miezi mingi ukisubiri kuchimbwa. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907. Chakula cha wanyonge kikabaki, na leo kinaliwa na matajiri na maskini pamoja.

Lakini mgeni huyu alikuja na hatari yake. Muhogo una sumu ya sianidi, kidogo katika aina tamu na nyingi katika aina chungu. Muhogo mchungu hautoshi kuchemshwa tu. Lazima urowekwe siku kadhaa na kukaushwa vizuri kabla ya kuliwa. Mwaka 1981, wakati wa ukame mkoani Nampula, Msumbiji, watu wenye njaa walifupisha kazi hiyo. Zaidi ya watu 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu. Ugonjwa huo unaitwa konzo na hauna tiba ya kuirudisha miguu. Mwaka 1985 ulitokea pia Tarime, Tanzania.

Kwa hiyo elimu ya bibi zetu ya kuchagua muhogo haikuwa ushamba. Na katika chakula cha sukari inahitajika zaidi, kwa sababu sukari na hiliki huficha uchungu. Mtoto hataweza kukwambia kuwa muhogo ni mchungu. Ni lazima ujue wewe kabla sukari haijaingia sufuriani.

Vipimo

Muhogo mtamu uliomenywa - kilo 1
Nazi - 2
Sukari - nusu kikombe, au kiasi upendavyo
Hiliki iliyosagwa - nusu kijiko cha chai
Chumvi - kidogo

Namna ya kupika

1. Nunua muhogo kwa mtu anayejua aina yake, na umwambie ni wa kuchemsha. Ukionja kipande kidogo kibichi ukasikia uchungu, kiteme na usiupike.
2. Menya gamba lote, la nje na la ndani, kwani ndilo lenye sumu zaidi. Kata vipande, toa mti wa katikati na uoshe.
3. Chemsha kwa maji mengi bila kufunika mpaka uive, kisha mwaga maji yote.
4. Kuna nazi, kamua, na utenge tui zito na jepesi.
5. Tia tui jepesi, sukari, hiliki na chumvi. Acha uchemke kwa moto mdogo.
6. Malizia na tui zito, ukikoroga polepole ili lisikatike. Likianza kuchemka, epua.

Siku hizi tui la kopo linapatikana dukani, na hakuna ubaya kulitumia. Ila juu ya kopo hakuna aliyeandika namna ya kutambua muhogo mchungu. Hilo watoto wetu, wa kike na wa kiume, watalijua tukiwaita jikoni wakati wa kumenya, sio wakati wa kula tu.