Mti wa majani mekundu katika lupango: chagua kufuatana na jua la kwenu

Kwenye televisheni na kwenye simu tunaonaka picha za Ulaya na Canada: mwezi wa kumi ukifika, miti inageuka rangi ya njano, ya machungwa na nyekundu, kisha majani yote yanaanguka. Ni kitu kizuri kwa macho. Wengi wanajiuliza kama mti wa namna ile unaweza kuota Uvira, Kalemie ao Lubumbashi, mahali jua linachoma mabati tangu asubuhi.

Jibu ni hili: ile miti ya Ulaya, hapana. Rangi yenyewe, ndiyo. Kuna miti inayovumilia joto letu na kutupa rangi kila mwaka. Lakini mti si rangi tu. Unaochagua vibaya unaweza kuinua fondasio ya nyumba, na baada ya miaka kumi utalipa mtu wa kuukata, wakati watoto wamekwisha kuzoea kivuli chake.

Rangi inatoka wapi?

Jani ni la kijani juu ya klorofili, kitu kinachosaidia mti kutengeneza chakula chake kwa nguvu ya jua. Mti ukiona wakati mgumu unakuja, unarudisha ndani ya matawi kile kinachofaa katika jani, na klorofili inaharibika. Hapo njano inaonekana. Ilikuwa ndani ya jani tangu mwanzo, imefichwa na kijani. Nyekundu ni tofauti: mti unaitengeneza upya kwa sukari iliyobaki katika jani, na kwa kazi hiyo mwangaza mwingi unasaidia sana.

Kule Ulaya, wakati mgumu ni baridi na siku fupi. Miti yao mingi inahitaji baridi ya kweli ili ipumzike vizuri. Uvira iko karibu digrii tatu na nusu tu kusini ya ikweta: mchana na usiku karibu vinalingana mwaka mzima. Kwetu wakati mgumu ni ukavu. Njo maana penye kiangazi kirefu rangi inaonekana sana, na Kisangani, ambako mvua haikauki kabisa, usitegemee miti igeuke yote pamoja.

Badamia: nyekundu ya kweli

Kama unataka majani yanayogeuka mekundu kabla ya kuanguka, chaguo la kwanza ni badamia. Huko pwani ya Bahari ya Hindi wanauita mkungu, na jina la kisayansi ni Terminalia catappa. Asili yake ni pwani za joto za Asia na Pasifiki. Matawi yake yanatoka kwa ngazi, moja juu ya ingine, na kivuli chake ni kipana. Majani ni makubwa, na mahali pengi yanaanguka mara mbili kwa mwaka. Kabla ya kuanguka yanageuka njano, machungwa, na nyekundu nzito.

Unapenda joto na jua kamili, kwa hiyo unafaa miji ya chini: Uvira, Baraka, Kalemie, na bonde la Ruzizi. Kwa sababu asili yake ni pwani, unavumilia upepo na mchanga wa kando ya maji. Goma na Bukavu, karibu metre 1.500 juu ya bahari, ubaridi wa usiku unaurudisha nyuma.

Uangalie mambo matatu. Kwanza, ukubwa: badamia iliyokomaa inaweza kupita metre 20. Pili, matunda: popo wanayapenda, wanakuja usiku na kuacha uchafu chini. Tatu, ufagio. Majani yale hayaoti mguu yakatoka yenyewe. Kabla ya kupanda jiulize: ni nani atafagia kila asubuhi? Mara nyingi ni mama ao watoto wa kike kabla ya masomo. Kama hamkuelewana nyumbani, ule mti utakuwa ugomvi.

Tena uwe mwangalifu kwa pepinieri. Kuna ndugu yake, Terminalia mantaly, kutoka Madagascar, wenye majani madogo na ngazi nzuri sana, na unapandwa katika miji mingi. Ni mti mzuri, lakini hautakupa nyekundu ya badamia. Uliza majani yake ni ya ukubwa gani: badamia, hata ingali ndogo, inaonyesha jani pana karibu kama sahani.

Muputu: rangi inayokuja kwa majani mapya

Watu wa Haut-Katanga hawahitaji kutafuta mbali. Mwezi wa nane na wa tisa, mvua ingali mbali, pori la miombo linatoa majani mapya yenye rangi ya shaba na damu, kisha polepole yanakuwa kijani. Kule Ulaya rangi inaaga. Hapa rangi inakaribisha. Muputu (Brachystegia spiciformis) ni mmoja wa miti hiyo.

Ni ngumu kuupata kwa pepinieri, na hauharakishi kukua. Mizizi yake inaishi pamoja na uyoga wa udongo wa kule porini, kwa hiyo kuung'oa na kuuleta mjini mara nyingi kunashindikana. Lakini kama umenunua lupango pembeni ya Lubumbashi na muputu umo ndani, usiukate ili "kusafisha" kiwanja. Hautaupata tena katika maisha yako kwa ukubwa ule. Ni miti hiyo hiyo inayoisha kwa makala, na ikiisha, viwavi na uyoga tunaokula vinaenda nayo.

Kwa wanaoishi milimani

Goma, Bukavu, Masisi na Rutshuru, mti unaofaa ni ule wa Kinyarwanda umuko, wa Kirundi umurinzi (Erythrina abyssinica). Ni wa kwetu, haukui mrefu sana, na unarutubisha udongo. Wakati wa kiangazi unaangusha majani na kutoa maua mekundu juu ya matawi matupu. Kwa mbali unaonekana kama unawaka. Una miiba, na mbegu zake nyekundu na nyeusi zina sumu. Usiupande mahali watoto wadogo wanacheza na kuokota kila kitu.

Kwa Goma kuna shida ingine: mawe. Mitaa iliyofunikwa na lava ya Nyiragongo ya 2002 haina udongo wa kutosha. Inafaa kuvunja jiwe, kufungua shimo pana, na kuleta udongo wa nje. Bila hivyo mti utakaa mfupi miaka yote.

Maua, ao mti wa kuleta chakula

Flamboya, ya Madagascar, inatoa maua mekundu yanayofunika mti mzima, lakini mizizi yake inatembea juu juu na kuinua pavé. Jakaranda, ya Amerika ya Kusini, ndiyo inapamba Lubumbashi kwa rangi ya zambarau mwezi wa tisa na wa kumi. Inapenda mahali pa kiangazi kirefu.

Kama lupango ni ndogo na unataka mti mmoja tu, fikiri mwembe. Majani yake machanga yanatoka na rangi ya shaba, kivuli chake ni kizito, na una maembe juu yake. Na kama nafasi ya mti haiko hata kidogo, panda kroton kando ya ukuta: ina njano na nyekundu mwaka mzima, mradi ipate jua. Maji yake yanaweza kuwasha ngozi, kwa hiyo unawe mikono ukiisha kuikata.

Mahali pa kupanda

Simama pale unapotaka mti uwe, na uhesabu hatua. Kwa badamia na flamboya, acha hatua kumi ao zaidi mpaka kwa nyumba, kwa choo, kwa fosi septiki na kwa bomba la maji. Angalia juu pia: chini ya waya za umeme usipande mti mrefu. Kisha angalia kwa jirani, kwa sababu tawi litakalovunja mabati yake litakuletea kesi. Ukitaka kivuli kwa mchana, panda upande wa magharibi ya nyumba. Jua la saa tisa ndilo linachoma sana.

Panda mvua ikianza kuzoea, si siku ya mvua ya kwanza. Chimba shimo la sentimetre 60 kila upande, tenga udongo wa juu, uuchanganye na mbolea ya mifugo iliyokwisha kuoza. Toa sashe ya plastiki yote. Mizizi ikiwa imejizungusha ndani ya sashe, ifungue kwa vidole. Funika chini kwa majani makavu, yasiguse shina. Jenga uzio mdogo wa miti, kwa sababu mbuzi wa jirani hajui thamani ya mti wako. Kiangazi cha kwanza na cha pili, mwagilia ndoo moja ao mbili mara mbili kwa juma. Hiyo inashinda kikombe kimoja kila siku, kwa sababu maji yanashuka chini na mizizi inayafuata.

Kama udongo si wako

Jambo la mwisho ni la kuulizia mbele ya kuchimba. Mti wa kudumu kwa wengi ni alama ya kumiliki. Katika Bushi, aliyepewa shamba kwa bwasa analima mazao ya msimu. Akipanda mti, mwenye udongo anaweza kuona kwamba anataka kunyang'anywa. Mpangaji wa mjini pia aombe ruhusa, na ikiwezekana iandikwe. Umeishi miaka mitatu, umemwagilia kiangazi chote, kisha mwenye nyumba anaukata siku moja: hiyo inauma kuliko pesa iliyopotea.

Ukipata ruhusa, na hatua kumi ziko, na mwenye ufagio amekubali, panda. Mwaka wa kwanza hautaona nyekundu nyingi. Mti unahitaji kwanza kushika udongo.