Ukichelewa kuleta ushahidi kwenye kesi ya madai: adhabu si faini, karatasi inakataliwa

Umemuuzia mtu boti Kilwa Masoko, amelipa nusu, iliyobaki hataki kulipa. Umefungua kesi. Mkataba upo sandukuni, unasubiri siku ya kutoa ushahidi ndipo uuonyeshe.

Hiyo ni hatari. Unaweza kushindwa kesi huku karatasi ya kukuokoa unayo mkononi.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, inatumika Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu. Ina milango miwili:

- Siku ya kufungua kesi (Amri ya 7). Mdai anaambatanisha nyaraka anayoidai kwayo, na anaorodhesha nyingine atakazotegemea. Ambayo haikuletwa wala kuorodheshwa haipokelewi bila ruhusa ya mahakama (kanuni ya 18).
- Usikilizwaji wa kwanza (Amri ya 13). Pande zote mbili zinaleta nyaraka zao. Ukipitiliza hapo, lazima utoe sababu ya msingi, na hakimu akiipokea anaandika kwa nini.

Nyaraka ya kumhoji shahidi wa mdaiwa, au ya kumkumbusha shahidi jambo, haibanwi na kanuni hiyo ya 18.

Ukificha nyaraka je?

Hapo ni pazito zaidi. Mahakama ikikuamuru uonyeshe nyaraka ulizonazo ukakaidi, Amri ya 11 inaruhusu kesi ya mdai kufutwa, au utetezi wa mdaiwa kuondolewa. Pia Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inaruhusu mahakama kudhani kwamba ulichokificha kingekuumiza.

Kesi za ardhi

Mgogoro wa shamba la mikorosho au kiwanja ukiwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kamba imelegezwa kidogo. Kanuni za mabaraza za mwaka 2003 (kanuni ya 10) zinaruhusu nyaraka muhimu kuletwa hata baadaye, mradi usikilizwaji haujaisha. Sharti: upande wa pili upewe nakala, na Baraza liangalie kama nyaraka ni halisi.

Baraza "linaweza" kuruhusu, halilazimiki. Usiende ukitegemea huruma.

Mahakama ya Mwanzo yenyewe haitumii Sura ya 33. Ina kanuni zake.

Makosa ya kuepuka

- Kudhani kuambatanisha kunatosha. Shahidi lazima aitoe nyaraka na ipokelewe kama kielelezo, la sivyo si ushahidi.
- Kuleta fotokopi tu. Kwa kawaida inatakiwa halisi. Kama halisi anayo mwenzako, mpe notisi ya kuileta.
- Kutegemea rufaa. Amri ya 39 inaruhusu ushahidi mpya kwa sababu chache tu, mfano mahakama ya chini ilikataa ushahidi iliopaswa kuupokea.

Umeshachelewa? Fanya hivi

Usinyamaze. Omba ruhusa mapema, kabla shahidi hajasimama. Eleza kwa nini hukuileta: ilikuwa kwa nani, umeipata lini, umeitafutaje. "Nilisahau" ni sababu dhaifu. Mpe mwenzako nakala ili asilalamike kwamba ameshtukizwa.

Huna pesa ya wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria. Waone kabla ya kufungua kesi, ukiwa na karatasi zako zote, mpaka zile za risiti.