Kupokea Barua: Ujiji na Mlango wa 25

Neno kupokea lina maana mbili ambazo aghalabu twazichanganya. Mtu hupokea kilicho chake. Tena hupokea mzigo wa mwenziwe ili ausogeze mbele, kama wapagazi walivyopokezana njiani. Tofauti hii si ya kamusi tu, na Ujiji ni shahidi.

Livingstone alipofika huko mwezi wa Machi, 1869, alikuta sehemu kubwa ya vitu alivyopelekewa imekwisha kuibwa. Wafanyabiashara wa mji nao hawakupenda kumchukulia barua zake kwenda pwani. Yamkini walichelea habari za biashara ya watumwa zitakazosomwa huko. Barua ilitegemea hisani. Hata mfuko wa barua zake ulioandikwa tarehe 1 Novemba, 1870, uliotoka Unguja, ulilala Kwihara, karibu na Tabora. Ulipokewa, naam, lakini haukupokezwa mtu wa kuupeleka mbele, na vita vya Mirambo vya 1871 vikaifunga njia. Stanley ndiye aliyeuchukua na kumkabidhi mwenyewe, baada ya mwaka mzima.

Barua pepe, ambayo kanuni zake za kupelekana zilitolewa 1982, ilianza kwa kosa lililo kinyume: hisani ilizidi. Seva nyingi zilipokea barua ya yeyote na kuipeleka kokote, mpaka katika miaka ya 1990 watangazaji wa ovyo wakaitumia hisani hiyo, na milango ikafungwa.

Leo ofisi ya Buzebazeba ikiweka programu ya Exchange, programu yenyewe huunda kipokezi cha awali kwenye mlango namba 25. Hicho humpokea mgeni bila kumdai nywila, na ni lazima, maana seva ya mbali haina nywila ya hapa. Lakini hupokea barua za anwani za ofisi hiyo tu. Iliyoandikiwa mtu wa Dodoma asiye wao hukataliwa papo hapo. Taabu huja fundi anapokilegeza kipokezi hicho hicho ili mashine ya kuchapa ipeleke barua nje. Hapo maana mbili zimerudi kuwa moja, na takataka za watu zitatoka kwa jina la ofisi.

Kwa hiyo naona kipokezi lifae kwa kazi ya kwanza, na kipokezanishi kwa ya pili. Kiunganishi, tafsiri iliyo rahisi, haisemi ni ipi.