Kilio Kisicho na Jina

Oktoba 16, 1972, ndege ndogo aina ya Cessna 310 iliruka kutoka Anchorage, Alaska, kuelekea Juneau ikiwa na watu wanne, wakiwemo wabunge wawili wa Marekani, Hale Boggs na Nick Begich. Ilitafutwa kwa siku 39 bila kupatikana hata kipande cha bati. Historia ya bikoni za dharura hupenda kuanzia hapo, kana kwamba kilichokosekana ni mtambo wa kupiga kelele. Simulizi hiyo hainiridhishi. Mtambo ulikwisha kubuniwa, na sheria ya kuulazimisha ndegeni ilikwisha kupitishwa mwaka 1970. Kilichokosekana, na kikachukua miaka mingi kupatikana, ni njia ya mwokoaji kujua nani analia.

Bikoni za mwanzo zilitumia masafa ya megahezi 121.5 na kutoa mlio mtupu, usiobeba jina wala namba. Umoja wa Kisovieti, Marekani, Kanada na Ufaransa walishirikiana (katikati ya Vita Baridi, tusisahau) kuusikiliza mlio huo kutoka angani. Setilaiti ya Kosmos-1383 ilirushwa Juni 30, 1982, na Septemba ya mwaka huohuo watu watatu walioanguka na ndege British Columbia wakaokolewa. Lakini mlio uleule ulitoka pia kwenye ndege iliyotua kwa kishindo, au bikoni iliyotupwa jalalani. Mwaka 2004 televisheni moja mjini Corvallis, Oregon, ilitoa mlio huo ikaleta polisi na waokoaji mlangoni kwa mwenyewe. Tahadhari nyingi mno zilikuwa za bure. Bikoni za megahezi 406 zilileta jambo dogo lenye uzito: kila moja hutuma namba yake, na namba hiyo husajiliwa pamoja na jina la mwenyewe na simu za jamaa zake. Afisa hupiga simu kwanza, ndipo arushe helikopta. Februari 1, 2009, setilaiti ziliacha kabisa kusikiliza 121.5.

Marekani iliporuhusu raia kubeba bikoni porini nchi nzima, Julai 1, 2003, wapo waliohofu kwamba wazembe watapata ujasiri wasioustahili. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Novemba ya mwaka huo mpiga kasia mmoja alibonyeza bikoni yake, akaokolewa kwa helikopta katika milima ya Adirondack. Wiki chache baadaye akarudi kufuata mtumbwi wake, akakwama, akabonyeza tena. Safari hii alifunguliwa mashtaka. Usajili uliomwokoa ndio pia uliomfanya awajibike, jambo ambalo mlio wa 121.5 usingeweza. Wengine husema bikoni imepitwa na wakati, maana tangu 2022 zipo simu za mkononi zinazotuma ujumbe wa dharura kwa setilaiti. Simu hiyo, hata hivyo, ndiyo iliyotumika kupiga picha kutwa nzima. Betri ya bikoni hukaa miaka bila kuguswa, kisha hutuma ishara kwa saa 24 au zaidi. Udhaifu wake uko kwenye daftari la usajili. Bikoni ikiuzwa mitumba bila usajili kubadilishwa, afisa atampigia mtu aliyelala nyumbani kwake salama.