Goma: mji ambamo nyumba na duka vinakaa parseli moja

Ndugu wasikilizaji, na nyinyi jamaa mliokimbia vita mnaokodi chumba hapa mjini: kila siku tunasikia wakaaji wakisema Goma imeharibika kwa sababu kila mlango umekuwa duka. Tuangalie kwanza tumetoka wapi.

Wabelgiji hawakupanga miji hivyo. Kule Léopoldville na Élisabethville wazungu walikaa upande wao, Waafrika walikaa katika cité, na katikati paliachwa eneo lisilojengwa. Mtu alifanya kazi upande mmoja, jioni akarudi upande mwingine. Walisema ni kwa ajili ya afya, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kutenganisha watu.

Goma ilikuwa mji mdogo kando ya ziwa. Mwaka wa 1988 Kivu iligawanywa kuwa mikoa mitatu, na Goma ikawa makao makuu ya Kivu ya Kaskazini. Mwezi wa 7 mwaka wa 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi walivuka kutoka Rwanda kwa siku chache tu. Kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu. Halafu vita vya 1996 na 1998 vilileta mjini familia nyingi za Masisi na Rutshuru. Parseli moja ikagawanywa mara mbili, mara tatu: mbele meza ya makala na ndagala, nyuma watoto wanalala.

Tarehe 17/01/2002 Nyiragongo ilitapika. Moto wa volkano ulipita katikati ya mji mpaka ziwani, ukameza maduka, nyumba, na sehemu ya uwanja wa ndege. Watu walikimbilia Gisenyi na Sake, lakini siku chache baadaye wengi walikuwa wamerudi, mawe yakiwa bado na joto. Walijenga juu ya mawe hayohayo kwa mbao. Aliyepoteza duka na nyumba alisimamisha kibanda kimoja: mchana anauza, usiku analala humo. Chukudu zilileta mbao, makala na viazi mpaka mlangoni. Hivyo ndivyo mji ulivyosimama tena, kabla mpango wowote haujafika.

Kwa hiyo, agizo la kuondoa vibanda vyote linapotolewa, tukumbuke ni nani anayeumia kwanza: mama aliyekimbia, asiye na shamba wala nauli ya kwenda soko la mbali. Mlango wake ndio shamba lake.

Lakini tusidanganyane. Petroli ya bidoni kando ya kitanda ni hatari, na nyumba za mbao zinazogusana zinaungua pamoja. Ndugu zetu wa Kadutu, Bukavu, wanalijua hilo. Tena juu ya mawe ya volkano kuchimba choo ni kazi ngumu. Basi tusiulize tu kama duka na nyumba vikae pamoja. Tuulize ni kazi gani inaweza kukaa karibu na mtoto anayelala, na moto ukiwaka watu watapita wapi.

Na neno moja la mwisho: kwa sheria ya 1973, udongo ni mali ya Serikali, na haki ya mtu juu ya parseli inaonyeshwa na sertifika ya uandikishaji. Kabla ya kununua hata kipande cha mbele cha kuweka kibanda, omba kuiona. Karatasi ya muuzaji peke yake haitoshi.